Korosho za Lamu: marufuku inamlinda nani?

Kila Novemba mikanju, yaani mikorosho, inapoanza kuangusha, mjadala nao hurudi huku Lamu, katika miji ya Hindi, Witu na Mpeketoni: marufuku ya kuuza korosho ghafi nje ya Kenya iondolewe au ibaki? Ilianza mwaka 2009, kisha sheria ya kilimo ya 2013 ikaitia nguvu na kuacha upenyu mmoja tu, idhini ya maandishi ya waziri. Wanaoitetea husema tukisafirisha korosho na ganda lake tunawapelekea Wahindi na Wavietnam ajira za vijana wetu. Wanaoipinga, wengi wao wakulima, huambiwa ni wavivu wa kuongeza thamani. Hilo la uvivu ndilo lililonikalisha kuandika.

Watetezi wana hoja, na hoja yao ina ushahidi. Miaka ya 1990 Msumbiji ilishinikizwa na Benki ya Dunia kupunguza kodi ya korosho ghafi zinazouzwa nje. Viwanda vya kubangua vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani mikono mitupu, na nyongeza ya bei iliyomfikia mkulima ikawa ndogo mno. Anayesema tujifunze kwa jirani hajakosea.

Lakini Msumbiji ilikuwa na viwanda vya kulinda. Sisi je? Kiwanda cha Kilifi kilichojengwa miaka ya 1970 kilianguka miaka ya 1990. Marufuku ilipokuja, muda uliokuwa umepita tangu kianguke ulizidi ule wa mkanju kukua hadi kuzaa. Ulikuwa karibu mwongo mzima au zaidi. Wasindikaji binafsi wapo Pwani, ila ni wachache, na penye wanunuzi wachache bei hupangwa na mwenye mizani. Mkulima wa Witu haoni kiwanda. Anamwona kijana wa pikipiki aliyetumwa na dalali, ana gunia tupu na bei moja, na akikataliwa leo anajua ataitwa mwenyewe kesho kutwa.

Ataitwa kwa sababu ya Januari. Msimu wa korosho na karo ya shule huangukiana, na wako wanaouza mti ungali maua ili mtoto asirudishwe getini. Mtu wa namna hii ukimwambia asubiri, aongeze thamani, unamwambia maneno ya mtu aliyeshiba.

Na hiyo thamani huongezwaje? Kilo tano za korosho zenye ganda hutoa kilo moja hivi ya kula. Hesabu hii nairudia kila nikisikia hotuba. Kilo nne zinazobaki nyingi ni ganda, na ndani ya ganda mna mafuta makali yanayobabua ngozi, yale yale ambayo viwandani huenda kwenye rangi na breki za magari. Kwetu huishia moshini.

Mama mmoja pale Hindi hukaanga zake kwenye debe lililotobolewa matundu. Mafuta yakishika moto debe zima huwaka, naye hulipindua mchangani na kurudi nyuma, leso imeziba pua. Zikipoa hujipaka majivu vidoleni, huketi na jiwe, abangue moja moja. Nzima sinia hili, zilizopasuka lile. Zilizopasuka ataziuza kwa watengeneza kashata kwa bei ya kusikitisha. Nusu gunia ni kazi ya siku mbili, na vidole vyake ukivitazama utadhani alivishika kwenye tanuri. Vipakiti vyake huuzwa Mokowe kwa abiria wanaongoja boti ya Amu, mji wa kisiwani Lamu.

Sasa huyu mama, ajabu, marufuku inamfaa. Wanunuzi wa nje wangekuja na fedha zao, korosho anazonunua kwa jirani zingepanda, na sidhani biashara yake ingestahimili msimu mmoja. Nakiri hapa ndipo hoja yangu inapochechemea. Ila nafuu yake inalipwa na nani? Na jirani huyo huyo, mwenye mikanju iliyozeeka na maua yanayokaushwa na ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga, asiye na fedha za dawa ya salfa wala sababu ya kupanda miche mipya. Mkanju usiolipa hugeuka mkaa, na ukishakuwa mkaa, mama naye atabangua nini?

Kinachokera zaidi ni bandari. Tangu Mei 2021 gati la kwanza la Lamu linapokea meli pale Kililana, na mikanju iko nyuma yake tu. Korosho yenye ganda haina ruhusa ya kupanda.

Mimi ningeufungua ule upenyu wa waziri, kama serikali ilivyofungulia makadamia kwa muda mwaka 2023, na badala ya marufuku niweke ushuru kwa kila kilo ghafi inayotoka. Bei ipande shambani, na ushuru uwanunulie wakulima miche na salfa, na akina mama mashine za mkono za kubangulia, pamoja na glavu. Mkulima apate wanunuzi wawili watatu wa kugombania gunia lake, na mama apate njia ya kubangua bila kuungua.

Rafiki yangu aliyefanya kazi Mtwara alinisikiliza hadi mwisho, akacheka. Tanzania wanao ushuru huo wa korosho ghafi, akasema, na asilimia 65 yake ilitengewa kuendeleza zao lenyewe. Mwaka 2018 Bunge likabadilisha sheria, fungu lote likaenda Hazina kuu. Akaniuliza ya kwetu ingekaa akaunti ya nani, Amu au Nairobi. Bado sijamjibu.