Meneja wangu ni mimi mwenyewe

Msanii ukiwa huna lebo unakuwa kila kitu. Natunga mwenyewe, studio najilipia, COSOTA, wale wa hakimiliki, nasajili mwenyewe, nyimbo zinapanda Boomplay na Spotify kupitia wale wasambazaji wa mtandaoni halafu hela inayorudi hainunui hata bando la kuposti kava. Kinachotulisha wengi wetu ni harusi na sendofu, tusidanganyane.

Sasa shida ni bei. Ukiongea mwenyewe mteja anakwambia "si unakuja kuimba nyimbo mbili tu mdogo wangu?" Nikanunua kitochi na laini ya pili, nikawa meneja. Sauti naishusha mpaka tumboni, nakohoa kidogo, mambo yanaenda.

Akapiga mama mmoja wa Mbagala, binti yake anaagwa. Kusikia lile besi tu, "Shikamoo baba." Ningefanyaje jamani? Nikaitikia marahaba. Tukaelewana laki tatu, nusu advansi, na mimi kwa kujifanya meneja mkali nikamalizia, "Iliyobaki usimpe kijana mkononi, hawa wasanii unawajua, nitapita mwenyewe." Nikajiona nina akili balaa.

Siku yenyewe nimeimba watu wametunza, nimeshuka nikamfuata mama na heshima zangu zote, shikamoo mama, naomba ile hela iliyobaki. Akanicheka. "Baba yako meneja kanikataza. Ngoja nimpigie."

Nikasema moyoni asipige asipige asipige. Akapiga. Kitochi kikalia mfukoni kama king'ora, na maiki bado ninayo mkononi iko hewani, ukumbi mzima ukasikia.

"Mbona inaita kwako?"

"Aa, mzee kaisahau."

"Kaisahau vipi na nimeongea naye sasa hivi nikiwa saluni?"

Hapo nikababaika, nikataka kumwambia mama tulia tuongee pembeni, likatoka lile besi. Yaani lilitoka lenyewe, kikohozi na kila kitu.

Mama akaniangalia juu mpaka chini. Hela wala hakuigusia.

"Kumbe ndo wewe mtoto uliyekuwa unaniitikia marahaba?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, ya kwanza siku ya kuulizia, ya pili ya advansi, ya tatu ile ya saluni. Akataka zake zote tatu, palepale mbele ya wageni, na goti lifike chini. Ya tatu MC akaniomba niirudie, eti mpiga picha hakuipata.