Usimpe mchezaji fumbo lisilo na jibu

Siku nne nzima nilihangaika na ubao mmoja. Ulikuwa kwenye Palm ya zamani niliyoachiwa na kaka yangu, kompyuta ya kiganjani yenye kioo cha kijivu na kalamu ya plastiki ya kugusia. Mchezo wenyewe ni vitufe 25, vitano kwa vitano, vingine vimewaka, vingine vimezima. Ukibonyeza kimoja kinageuka chenyewe pamoja na majirani zake wa juu, chini, kushoto na kulia. Kazi ni kuzima vyote. Wengi wanaujua kwa jina la Lights Out, kichezeo kilichotolewa na Tiger Electronics mwaka 1995.

Naupenda mno mchezo huu. Kitufe ulichokibonyeza mara mbili ni sawa na ambacho hukukigusa, na kipi kitangulie hakuna tofauti, kwa hiyo unabaki kuamua tu kipi ubonyeze na kipi uache. Njia ya kuanzia ni kuzifukuza taa: kila iliyowaka safu ya juu, bonyeza kitufe kilicho chini yake, kisha shuka safu kwa safu mpaka mabaki yote yakutane chini.

Mimi kila nikishuka hayaishi. Mwisho ikabaki taa moja, kwenye kona.

Taa moja ya kona haizimiki! Ubao huu una mipangilio 33,554,432, na inayoweza kuzimwa yote ni 8,388,608, yaani robo tu. Aliyeandika programu ile aliwasha taa ovyoovyo akatukabidhi. Kila mbao nne, kwa wastani tatu hazina jibu, na hakuna mahali alipotuambia.

Hilo mimi nasema ni kosa, tena kubwa. Wapo wanaosema ugumu ndio utamu wa fumbo. Sawa, lakini ugumu ni kitu kingine. Mpwa wangu wa miaka kumi aliuchukua mchezo ule jioni moja, akautua mezani akaniambia, “Mjomba, mimi hesabu sina akili nazo.” Niliumia. Mtoto kahukumiwa na ubao ambao hata bingwa asingeuzima.

Na dawa yake ni nyepesi. Anza na ubao uliozima wote, programu ibonyeze yenyewe vitufe kadhaa kwa kubahatisha, kisha mpe mchezaji. Kilichowashwa kwa kubonyezwa kitazimwa kwa kubonyezwa, na hakuna ubao wenye jibu unaohitaji zaidi ya mibonyezo 15. Kazi ya mistari michache ya msimbo.

Mwenye programu kama ile ya kwangu aupime ubao kwanza. Ruka safu mlalo ya katikati. Katika nne zilizobaki, hesabu taa zilizowaka kwenye safu wima ya kwanza, ya tatu na ya tano. Kisha ugeuze ubao ubavu, uhesabu tena vilevile. Zote mbili zikiwa shufwa, jibu lipo. Hata moja ikitoka witiri, achana nao.

Nilimwita mpwa wangu nikamwonyesha. Akahesabu polepole kwa ncha ya kalamu, midomo ikimcheza.

“Saba. Ni witiri, mjomba,” akasema, akafungua ubao mwingine.