Mnaoshangaa Katwa, njooni tuzungumze

Kuna picha moja inayofufuka kila mlipuko wa ugonjwa unapotangazwa huku kwetu. Ni ya Katwa, pale Butembo, Kivu Kaskazini, nchini Kongo (DRC), Februari 2019. Kituo cha kutibu Ebola kimetiwa moto, na mahema yamebaki vyuma na majivu. Safari hii imetua kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja. Jamaa yetu mmoja mwenye digrii mbili, ambazo haachi kutukumbusha, akaandika chini yake: "Halafu tunajiuliza kwa nini hatuendelei." Vikafuata vikatuni vya kucheka. Mwingine akadakia kwamba Mwafrika umpe dawa, yeye atakimbilia kwa mganga.

Nilianza kumjibu kwenye simu, vidole vikachoka kabla hasira hazijaisha. Kwa hiyo leo mtanivumilia.

Tuanze na wazungu, maana ndio kipimo cha ustaarabu cha jamaa yangu. Staten Island, New York, mwaka 1858. Palikuwa na hospitali ya karantini tangu 1799, mahali ambapo abiria wa meli waliokutwa na homa ya manjano, ndui au kipindupindu walishushwa. Wenyeji walilalamika miaka nenda rudi kwamba ugonjwa unavuka ukuta kuwafuata majumbani, na kwamba viwanja vyao vinashuka bei (hapo ndipo palipouma). Bodi ya afya ya eneo lile, bodi ya afya jamani, ikapitisha azimio la kuwahimiza wananchi waiondoe hospitali hiyo. Usiku wa tarehe 1 Septemba wakaingia wakaichoma. Wagonjwa wakatolewa na kulazwa nje kwenye nyasi. Usiku wa pili wakarudi kumalizia majengo yaliyosalia. Vinara wakapelekwa mahakamani, wakaachiwa. Sijaona hata siku moja mtu akituma mchoro wa Staten Island na kuuliza kwa nini Wamarekani hawaendelei.

Sasa Katwa. Beni na vijiji vyake watu wanachinjwa kwa mapanga tangu Oktoba 2014. Miaka karibu minne ikapita, na dunia ikalala usingizi wake. Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, na ghafla barabara zikafurika magari meupe ya Riposte, yaani operesheni ya kupambana na Ebola, kodi za nyumba zikapaa, na timu za afya zikaanza kutembea na wasindikizaji wenye bunduki. Desemba hiyohiyo tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura na wenzao hadi Machi, Ebola ikiwa mojawapo ya sababu. Kesho yake waandamanaji wakavamia kituo cha Ebola cha Beni. Rais mpya akaapishwa Januari, kabla hiyo Machi yao haijafika. Wewe wa digrii mbili, ungekaa Butembo mwezi ule ungefikiri nini?

Ndiyo, najua, si kila shambulio lilikuwa la wananchi wenye uchungu. Kituo cha Butembo kilivamiwa siku tatu baada ya Katwa, na huko risasi zilirindima. Aprili ile Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu kutoka Cameroon, aliuawa ndani ya hospitali ya chuo kikuu pale Butembo akiwa kazini. Aliyefanya hivyo simtetei. Lakini hata Joanne Liu, aliyekuwa rais wa Madaktari Wasio na Mipaka wakati ule, alisema hadharani baada ya mashambulizi hayo kwamba kazi ile ilikuwa imepoteza imani ya watu, na kwamba kuwaswaga kwa polisi na wanajeshi kulizidisha mambo. Vituo vilivyochomwa vilikuwa vya shirika lake mwenyewe. Hakuita mtu mshenzi.

Ninachotaka kusema ni hiki. Miaka yote ambayo binadamu amejenga hospitali za dharura, kujenga hakujawahi kuwa kazi. Mahema, shule, viwanja vya mpira, kumbi za maonyesho, meli mbovu, vyote vimelazwa wagonjwa. Kazi iko kwa ndugu wa mgonjwa. Umemweka wapi?

Mwaka 1971 vita vya Bangladesh vilisukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India, na kipindupindu kikaingia nao. Bongaon, mpakani, palikuwa na hospitali ndogo: vyumba viwili, vitanda 16. Wagonjwa walilala sakafuni juu ya matapishi na uharo, na daktari Dilip Mahalanabis alilazimika kupiga magoti humohumo kuwatundikia dripu. Dripu zilikuwa zinaisha, na wahudumu wa kuzisimamia hawakutosha. Akafanya jambo ambalo wakubwa wengi wa tiba wakati ule waliliona la hatari: akachanganya glukosi, chumvi na sodiamu baikaboneti kwenye mapipa ya maji, akawaambia ndugu wachote wawanyweshe wagonjwa wao. Mama, dada, mume, yeyote aliyekuwa pale na kikombe. Waliotibiwa walizidi 3,000. Katika kambi ile vifo vikashuka hadi asilimia 3.6, ilhali kabla ya hapo vilikuwa vinafika asilimia 20 hadi 30. Leo tunanunua pakiti ya ORS, mchanganyiko wa aina hiyohiyo, duka la dawa bila kuwaza, kama tunavyonunua kiberiti.

Wengi husimulia habari hii kama ushindi wa maji ya chumvi na sukari. Ni kweli, lakini kuna kitu kinarukwa. Maji yale hayakujinywesha. Mgonjwa wa kipindupindu anahitaji mtu wa kukaa naye usiku kucha, anyweshwe kidogokidogo, atapike, anyweshwe tena. Hakuna serikali iliyowahi kuwa na wauguzi wa kutosha kwa kazi hiyo. Ndugu ndio waliokuwa wauguzi, na kwa kuwa walikuwa ndani wakiona kila kitu, uvumi haukupata pa kuota.

Huku nje uvumi huota vizuri sana. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoingia Dar, mtoto wa mama mdogo alipelekwa kwenye kambi ya kipindupindu ambayo sitaitaja. Mama mdogo akafika na chupa ya uji na kanga mbili. Mlinzi: "Mama, sogea huko." Yuko hai? "Mama, sogea." Ukuta ulikuwa umefunikwa turubai, huoni kitu. Getini walijaa watu wa namna yake, na hamna anayejua lolote, basi kila mmoja anajua kila kitu. Mwanamke mmoja akasema wakizidi wanadungwa sindano ya kumalizia ili kambi ifungwe. Mama mdogo ni mwalimu mstaafu. Alifundisha sayansi darasa la sita, kizazi kizima pale mtaani kimejifunza habari za vijidudu kwenye ubao wake. Ilipofika magharibi alikuwa ameiamini ile habari ya sindano, na alikuwa akishauriana na vijana wawili namna ya kuruka ukuta.

Kilichookoa hali ni muuguzi mmoja aliyetoka kubadilisha zamu. Akauliza nani mama yake fulani, akasema, "Kijana wako anasema umletee ile shuka ya bluu, ya kijani inamuwasha." Basi. Mama mdogo alicheka huku analia, kwa sababu shuka ya kijani ni kweli inawasha, na hakuna muuaji duniani ambaye angelijua hilo. Kwa muda uliobaki yeye ndiye aliyekuwa akiwatuliza wengine pale getini.

Mngewaita wale vijana wawili washenzi? Mimi nilikuwa tayari kuwashikia ngazi.

Na hofu ya hospitali haikushuka kutoka mbinguni. Yambuku, 1976, mlipuko wa kwanza wa Ebola kujulikana Zaire: ugonjwa ulisambazwa na hospitali yenyewe ya misheni, kwa sindano chache zilizotumiwa kwa wagonjwa wengi bila kuchemshwa. Aliyesema wakati ule "msiende pale, mtakufa" alikuwa sahihi kuliko daktari.

Hapa kuna jambo nalikubali shingo upande. Kumtenga mgonjwa ni lazima. Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000, walipohesabu njia zilizosambaza Ebola, mazishi na kuuguzana nyumbani vilikuwa juu kabisa kwenye orodha. Upendo unaua, na mtu akikwambia umwachie ndugu aingie mikono mitupu kwenye wodi ya Ebola anakudanganya. Kipindupindu kinasamehe, Ebola haisamehi. Ila kumtenga si kumficha. Beni hiyohiyo, shirika la tiba la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki inayoonyesha, muuguzi anaingiza mikono kupitia mikono ya glavu iliyoshonewa ukutani, na mke anasimama nje anamwona mumewe, anamwambia neno. Na waliopona Ebola waliajiriwa kulea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Ukitoka ndani mzima, kisha kesho unaonekana umembeba mtoto wa jirani, huhitaji kipaza sauti.

Kwa hiyo ilijulikana. Na ilijulikana zamani. Sasa niambie kwa nini kila mlipuko turubai ndiyo inatangulia kufungwa na benchi la ndugu linakumbukwa mwezi wa pili.

Gulu tusiiache hivihivi, kwa sababu kuna mtu pale anayestahili kutajwa kila mara. Dkt. Matthew Lukwiya alikuwa Kampala masomoni alipoitwa arudi hospitali ya Lacor, wanafunzi wa uuguzi wanakufa na hakuna anayejua kwa nini. Akasoma mafaili, akahisi ni nini, akafungua wodi ya kuwatenga kabla maabara haijathibitisha. Wahudumu wa Lacor walikufa mmoja baada ya mwingine, na wengine wakabaki kazini. Walibaki kwa sababu ya Matthew, mtu wanayemjua tangu miaka ya 1980, ndani ya hospitali iliyokuwa pale tangu 1959, iliyowahifadhi watu usiku waasi walipokuwa wakiteka watoto. Yeye mwenyewe aliambukizwa akimhudumia muuguzi wake, akafa tarehe 5 Desemba 2000. Wodi ilikuwa ya dharura. Imani iliyoifanya ifanye kazi haikuwa ya dharura hata kidogo.

Linganisha na West Point, mtaa wa Monrovia, Liberia, Agosti 2014. Shule ikageuzwa kituo cha kushikilia wagonjwa wa Ebola bila wakazi kuulizwa, wakaletwa na wagonjwa wa mitaa mingine. Watu wakavamia, wakabeba hadi magodoro yenye damu, wagonjwa 17 wakatoroka. Serikali ikajibu kwa kuuzingira mtaa mzima kwa askari, na kijana wa miaka 15 akapigwa risasi akafa. Baadaye jeshi la Marekani likajenga vituo 11 nchini Liberia, vizuri, vya kisasa, vya gharama. Vituo tisa kati ya hivyo havikuwahi kupokea mgonjwa hata mmoja wa Ebola. Vilipokamilika, Waliberia wenyewe walikuwa wameshabadili namna ya kuzika na kuuguza, na mlipuko ulikuwa umeshuka.

London nayo? Ukumbi wa maonyesho wa ExCeL, Aprili 2020, wakati wa korona, siku tisa tu ukawa hospitali ya hadi vitanda 4,000, Charles, wakati ule mwana wa malkia, akaufungua kwa video. Wimbi la kwanza lote ukatibu wagonjwa 54. Wauguzi wa kusimama kando ya vitanda hivyo wangetoka wapi? Huo ni mjadala wa siku nyingine.

Mtaniambia Wuhan. Haya, Wuhan. Nakiri: viwanja vya michezo na kumbi 16 vilivyogeuzwa hospitali Februari 2020 vilifanya kazi, vikapokea watu kama 12,000, vikafungwa Machi, na hakuna ndugu aliyekanyaga ndani. Lakini jimbo zima la Hubei, ambako Wuhan iko, lililetewa wahudumu zaidi ya 42,000 kutoka majimbo mengine, na wagonjwa walikuwa na simu mkononi wakiongea na watu wao kwa video. Tuliwaona wakicheza dansi na wauguzi waliovaa mavazi ya kujikinga. Mke wa huko naye alikuwa anamwona mumewe. Halafu kuna dola inayoweza kukufungia mlango kwa nje, sifa ambayo siwaombei Butembo.

Zanzibar tunapeleka wageni Changuu kuwalisha kobe mchicha, tukiwaambia hapa palikuwa jela. Jela ilijengwa miaka ya 1890, mfungwa hakufika, kikawa kisiwa cha karantini cha homa ya manjano. Jengo la kumfungia mtu likageuzwa la kumtibu bila kubadilishwa sana, na sijui kama tumewahi kuliacha wazo hilo. Nairobi 2020, waliowekwa karantini kwenye hosteli za chuo waliruka ukuta na video tuliziona sote. Walikuwa wamefungiwa, majibu ya vipimo hayaji, na juu yake wanadaiwa ada ya malazi! Serikali ilipofuta gharama hizo mwezi Mei, watu walikuwa wameshajifunza kumkimbia mpimaji.

Mlipuko ujao utakuja, na waziri atakata utepe mbele ya mahema, na waandishi watauliza idadi ya vitanda. Ulizeni na haya: kuna dirisha? Nani anatoka getini kila jioni kutaja majina? Uji unaingiaje? Akifa, nani anauona uso wake kabla mfuko haujafungwa?

Na yule jamaa wa digrii mbili, nimemtumia Staten Island. Amesoma, tiki za bluu naziona.