Sikulia, na Ule Ulikuwa Mguu wa Meza

Kwanza nisahihishe. Sikulia. Macho yalitoa maji, hilo nakubali, lakini kulia kunahitaji sauti, na sauti yangu wakati ule ilikuwa na kazi nyingine. Pili, sikukumbatia mguu wa mama wa mtu. Nilikumbatia mguu wa meza. Shujaa, mwenzangu wa mchezo, ambaye ndiye amewasimulia tangu juzi usiku bila kuvuta pumzi kwamba nililia nimekumbatia mguu wa mama, anaijua vizuri tofauti ya mama na meza. Ameamua tu kuisahau kwa sababu nilimtoa kafara. (Na wewe uliyenitumia picha ya buibui saa kumi na mbili asubuhi, nimekuona. Nimekufungia.)

Wenyeji mnaijua meza yetu. Wageni, kwa kifupi: watu wazima watano, penseli, karatasi na dadu, tunacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kuigiza kwa mdomo ulioanza kuuzwa 1974 na mpaka leo unakula Jumamosi za watu. Anayeuendesha tunamwita Msimulizi. Mvua ni yeye, mfalme ni yeye, mbwa wa mfalme ni yeye, na miungu yote ni yeye. Shujaa ni askari wa kiapo. Kuhani anatibu. Mchawi analipua vitu ambavyo hakuna aliyemwomba avilipue. Mimi ni malenga, na kwenye mchezo huu malenga ana uganga wa kumkejeli adui hadi aumie. Siwatanii. Kejeli ikimwingia, unarusha dadu, na namba inayotoka inakatwa kwenye uhai wake. Mtu mwenye mdomo kama wangu hakupaswa kukabidhiwa silaha ya namba hiyo.

Sasa. Vikao sita vilivyopita tuliingia hekalu la Lolth. Huyo ni Malkia wa Buibui, anaabudiwa na drow, watu wa chini ya ardhi, na makao yake ni utando mmoja mkubwa kwenye tabaka la 66 la kuzimu. Hana msamaha. Hata wafuasi wake mwenyewe huwapa mtihani, na wanaofeli hugeuzwa: kiunoni kwenda juu wanabaki walivyokuwa, kiunoni kwenda chini buibui. Haya yote niliyajua. Niliyasoma. Nilimweleza Mchawi kwa kirefu, tena kwa kidole cha onyo, kwamba tusiguse kitu humo ndani.

Kisha nikaiona sanamu yake, mdomo ukaanza kuwasha. Nikapanda juu ya kiti (kiti cha kweli, si cha mchezoni) nikamtungia ubeti:

Ewe bibi wa utando, miguu minane yako,
Umekosa hata mwendo, wajikwaa uendako,
Fundi kaitupa nyundo, kwa jozi nne za kwako,
Shuka huku nikuone, fagio lakungojea!

Mizani iko sawa, hesabuni wenyewe. Meza ilicheka hadi Kuhani akapaliwa. Msimulizi alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Akarudi, akaketi, amenuna. Hakusema neno kuhusu ubeti. Akasema tu, kwa sauti ya chini: "Haya, tuendelee."

Jamani, mngemwona alivyosema "tuendelee".

Mungu wa kawaida angenipiga radi, tukacheka, nikatengeneza mhusika mwingine. Yeye akanyamaza. Kikao kizima kikapita. Nikaanza kufikiri kwa niaba yake, na hapo ndipo nilipojimaliza. Nilijua zana alizonazo. Kuna laana inayokufanya urushe dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo ndogo. Kuna jinamizi linalokuingia usingizini ukaamka na uchovu uliolala nao, huku uhai umepungua. Nikakaa nasubiri ipi itakuja.

Kikao cha pili nikarusha 1. Nikarusha tena, 1. Nikabadilisha mkono, nikaipulizia dadu, nikarusha: 1. Nafasi ya jambo hilo ni moja katika 8000, nililipigia hesabu pale pale nyuma ya karatasi yangu. Nikamtazama Msimulizi. Msimulizi alikuwa anajikuna sikio. Niliona kabisa kwamba ni mkuno wenye maana.

Nyumbani nikachukua glasi, nikajaza maji, nikamimina chumvi hadi dadu ikaelea. Ni kipimo halali, wachezaji wanakitumia: ukiizungusha na upande uleule ukawa unarudi juu kila mara, ujue uzito wake umeegemea. Ikaja 14, ikaja 3, ikaja 20, ikaja 9. Dadu nzima, haina kosa. Nilikaa jikoni usiku wa manane nikiitazama inavyoelea, na nikakubali kwamba kama kosa si la dadu, basi ni la kiumbe wa kuzimu mwenye kinyongo.

Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa yeye. Kamba ya daraja ikikatika, ni Lolth. Muuza farasi akitudai zaidi, macho yake si ya kawaida, ni wakala. Nikamshika Kuhani anitoe laana. Uganga huo ni wa ngazi ya 3, na kwa kiwango alichofika ana nafasi mbili tu za ngazi hiyo kwa siku. Akanifanyia. Kesho yake mchezoni nikamwomba tena. Siku ya tatu tulivamiwa, Mchawi akadondoka, Kuhani akageuka kutafuta uganga mkubwa wa kutuokoa akakuta ghala tupu, kwa sababu asubuhi ile alinisafisha mara mbili. Mchawi alipona kwa bahati. Hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo, na naona ndiye aliyebonyeza alama ya kucheka kwenye kila ujumbe wa Shujaa.

Tufike juzi Jumamosi.

Tuko kwenye pango. Ramani imetandazwa mezani, visanamu vyetu vimepangwa juu yake, cha kwangu kina kinanda na kofia yenye unyoya, kimo chake hakizidi kidole gumba. Juu ya meza kuna taa moja inayoning'inia. Msimulizi anaeleza jinsi giza lilivyo zito. Anasema: "Mnahisi kitu kinashuka kutoka juu."

Na kitu kikashuka kutoka juu.

Sikuwa nimekiona kilipotoka. Nilichoona kwanza ni uzi, na uzi wenyewe niliuona kwa sababu ulishika mwanga wa taa, ukametameta, ukazimika, ukametameta. Kwenye ncha ya uzi palikuwa na nukta. Nukta ikawa na miguu. Miguu ikawa inafanya kazi, miwili ya mbele inachezacheza kama mtu anayehesabu noti, na buibui yule, mdogo kuliko punje ya dengu, akashuka taratibu, akasimama, akafikiri, akashuka tena. Meza ikanyamaza. Hata Mchawi alinyamaza. Akapita karibu na kisanamu cha Shujaa, hana habari naye. Akapita cha Kuhani. Akajisogeza kidogo na upepo wa pumzi zetu, akaning'inia sawasawa juu ya kile chenye kofia na unyoya. Changu. Akasimama hapo, akigeuka polepole kana kwamba anasoma jina.

Kichwani mwangu ilikuwa inalia sentensi moja tu, kwa sauti yangu mwenyewe, tena kwa mahadhi: *Shuka huku nikuone.*

Ndugu zangu, nilipiga magoti. Sikupiga magoti ya mchezo. Yalikuwa magoti ya sakafuni, yaliyolia ko! ko! Nikashika nilichokipata, ambacho ni MGUU WA MEZA, na maneno yakatoka:

"Malkia wa utando, Mama wa miguu minane, nimekosa. Nilikuwa juu ya kiti, sikujua nisemalo. Miguu yako ni mizuri. Mwendo unao. Kama unataka mtu, mchukue Shujaa. Shujaa ana mwili, ana kiapo, amelala vizuri, hana laana hata moja. Mimi utanila nini? Mifupa mitupu! Mchukue Shujaa, na Kuhani ukimtaka sikukatalii, ila niachie…"

Mlango ukafunguliwa. Mama yake Msimulizi, na trei ya glasi za maji.

Mnisikilize hapa, maana hiki ndicho kipande ambacho Shujaa anakiharibu. Mtu aliyelelewa, akimwona mama wa mwenzie, anaamkia. Haijalishi yuko magotini, amekumbatia fanicha, anamwuza rafiki yake kwa kuzimu. Nikageuza shingo nikasema:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepoteza kitu?"

"Hapana, mama. Naomba msamaha."

"Unamwomba nani?"

Nilifikiri kudanganya. Nathibitisha kwamba nilifikiri. Lakini kidole kilishanyooka chenyewe, kikamwonyesha buibui.

Mama akakifuata kidole hadi kwenye uzi, akamwona. Akaweka trei. Akavua ndala ya mguu wa kulia, kwa utulivu wa mtu aliyelea watoto, akasema, "Basi huyu ndiye unayemwomba msamaha?" na PAA! katikati ya ramani. Milima iliruka. Shujaa alianguka kifudifudi, Kuhani alikwenda chini ya kabati na hajapatikana mpaka sasa. Kisanamu changu kilibaki kimesimama, unyoya haukutikisika, na mbele yake palikuwa na alama ndogo nyeusi. Mama akavaa ndala yake. "Kunyweni maji," akasema, akatoka.

Hakuna aliyegusa maji.

Msimulizi ndiye aliyevunja kimya. Akaniuliza, kwa upole ambao hata sasa nikiukumbuka nawashwa mgongo: "Ulikuwa unaomba msamaha wa nini?"

Nikasema wa ubeti. Akasema ubeti upi? Nikasema ule wa hekaluni. Akachukua daftari lake, akarudi nyuma kurasa nyingi, akalisukuma mbele yangu. Siku ile ya hekalu ilikuwa imeandikwa mstari mmoja: "Wameingia, hawakugusa kitu, wametoka." Kumbe alipokuwa mlangoni alikuwa anazozana na mtu kwenye simu. Hakunisikia. Aliponuna, alinunia simu. Vikao sita, glasi ya chumvi, nafasi zote za Kuhani, Mchawi aliyekaribia kufa, na hapakuwa na laana yoyote. Zile 1 tatu zilikuwa 1 tatu tu.

Hapo mtu mwenye akili angesema "aa, nilikuwa natania" akainuka. Mimi, Msimulizi aliponiuliza, "Ulikwendaje huo ubeti?" nikamwimbia. Wote. Kwa mahadhi. Nikiwa bado magotini. Mstari wa tatu akaniomba niurudie taratibu, kalamu yake haikuwahi.

Yaliyofuata ni ya haraka. Lolth ameupokea ubeti, na kafara pia ameipokea, kwa hiyo Shujaa alifungwa kwenye utando kabla hatujamaliza kikao, na ndiyo maana ana hasira na muda wa kutosha wa kuandika. Kuhani amekataa kuniombea. Mchawi amesema anaweza kulipua kitu nikitaka, ni yeye pekee aliyeonyesha utu. Mama amepelekewa salamu na amezipokea, ila ameuliza kama nyumbani kwetu wanajua hali yangu.

Nilidhani yameisha. Usiku huu, wakati naandika, Msimulizi kanitumia ujumbe. Hakuna salamu:

"Kaka, malenga wako anavaa viatu namba ngapi? Kuna fundi huku kuzimu anauliza, anataka kuanza hizo jozi nne mapema."