Kiwiko cha mtoto si cha kuchuliwa

Msimu wa maembe unapofika, watoto wa Kisauni na Likoni, hapa Mombasa, hupanda miti, na baadhi yao huanguka. Mkono ukivimba, shauri la kwanza katika nyumba nyingi ni kumpeleka mtoto kwa mzee anayeunga mifupa, amchue kwa mafuta kisha amfunge vibanzi. Siwabezi wazee hao, kwani wengi waliopita mikononi mwao wamepona. Ila naamini kuwa sehemu kubwa ya sifa wanayopewa ni haki ya mfupa wa mtoto wenyewe.

Mfupa huo umefunikwa na utando mnene wenye damu nyingi, na mara nyingi hupinda na kupasuka upande mmoja tu. Kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja, cha mtoto wa miaka 6 aghalabu huunga kwa wiki 3 hadi 6, na kikiunga kimepinda kidogo, hujinyoosha kadiri mtoto anavyokua. Mgonjwa wa namna hiyo angepona kwa daktari, kwa mzee, pengine hata kwa kipande cha leso kilichofungwa shingoni.

Kiwiko ni habari nyingine. Mtoto akianguka akajikinga kwa kiganja, mfupa wa mkono huweza kuvunjika juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mshipa mkuu wa damu na neva hupita mbele yake. Kipande kilichosogea chaweza kuubana mshipa huo, na kitambaa kilichokazwa juu ya uvimbe huzidisha balaa: misuli ikikosa damu kwa saa chache huanza kufa, na vidole vikabaki vimejikunja maisha yote. Kwa hiyo maumivu yakizidi baada ya kufungwa, hasa vidole vikinyooshwa, au vidole vikiwa baridi na vyenye ganzi, vibanzi vilegezwe papo hapo na mtoto afikishwe hospitalini usiku huohuo, hata kama ni kusubiri feri. Plasta ya daktari nayo haisamehewi. Ikibana, irudishwe ikakatwe.

Wazazi huchelewa kwa sababu ya gharama, foleni na hofu ya mkono kukatwa, ilhali mkono uliochelewa mpaka ukaoza ndio usiomwachia daktari njia nyingine. Ningependa madaktari wa hospitali ya Makadara wakae na wazee hawa, wawaonyeshe picha za eksirei, na wakubaliane sharti moja tu: kiwiko kilichovimba kisiguswe kabla ya kupigwa picha.