Anayebadilisha maranda ndo afundishwe kwanza

Jamani hili limenikaa moyoni muda mrefu. Semina za ustawi wa wanyama wa utafiti ninazozijua zinaita madokta, wakuu wa idara na wanafunzi wa masters, wanakaa siku mbili wanapewa vyeti, alafu Jumatatu asubuhi mnyama anashikwa na nani? Na kaka wa bandani, yule mhudumu anayewalisha na kuwasafishia wanyama, ambaye hakuna aliyekumbuka kumpa barua ya mwaliko.

Mi nilikuwa kaka huyo. Kazi yangu kuosha vizimba, kujaza chupa za maji, kubadilisha maranda wanayolalia. Siku ya kwanza nikaoneshwa kumnyanyua panya mweupe kwa mkia, "ukimshika hivi hawezi kukung'ata", basi, mafunzo yakaishia hapo. Nikawa nikifungua tu kifuniko wanakimbilia kona wanarundikana, wengine ukiwanyanyua wanakojoa hapohapo, nikajua ndo walivyo. Kumbe ni hofu, na niliyewatia hiyo hofu ni mimi.

Baadaye nikasoma utafiti wa Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, ulitoka 2010. Walilinganisha panya wanaonyanyuliwa kwa mkia na wanaobebwa kwenye kijibomba au kwenye viganja vilivyokingwa kama unateka maji. Wa mkia walikuwa na wasiwasi zaidi, hata kusogelea mkono hawataki. Nikachukua kipande cha bomba la plastiki la inchi 2 kilichobaki kwenye ukarabati wa choo, nikakilainisha kingo, nikakiweka kizimbani. Siku za mwanzo walikinusa tu, lakini kama baada ya wiki nikikisogeza wanaingia wenyewe, naziba huku na huku kwa viganja, namhamisha, mkojo hakuna.

Na hasara ya hofu haiishii kwa panya. Mnyama aliyeogopa homoni zake zinapanda, mapigo ya moyo yanabadilika, sukari kwenye damu inabadilika, sasa we unayempima dawa, majibu uliyopata ni ya dawa au ya hofu? Wanasayansi wa Uingereza Russell na Burch waliandika tangu 1959 kwamba tutafute mbadala wa wanyama, tupunguze idadi, tupunguze mateso. Tunakariri vizuri sana, na Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, ila hayo mateso yanapungua au kuongezeka mikononi mwa mhudumu.

Kuna sungura mmoja simsahau. Kijana mgeni kazini alimnyanyua kwa masikio kama tunavyowaona wakibebwa sokoni, sungura akarusha miguu ya nyuma kwa nguvu mara moja tu, uti wa mgongo ukavunjika. Akabaki anajikokota kwa miguu ya mbele mpaka daktari wa mifugo alipokuja kumpumzisha milele. Kijana alilia, alafu akapewa barua ya onyo! Hiyo barua ilimwendea mtu asiyestahili. Kumwambia "shika ngozi ya shingoni, mkono mwingine beba makalio" ni dakika mbili, na hakuna aliyezitoa.

Msiniambie wahudumu hawafundishiki. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), watu wa APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa mabomu, wanawazoesha panya buku mikono ya binadamu tangu wadogo, kwa subira, kwa mlio wa kliki na zawadi ya ndizi, na panya Magawa aliyetoka hapo akanusa mabomu ya ardhini Kambodia akapewa medali ya dhahabu 2020. Waliomlea na kumfundisha ni watu kama sisi.

Kwa hiyo mafunzo yaanzie bandani, kwa Kiswahili, mnyama akiwa mkononi. Mhudumu afundishwe kusoma dalili za mnyama anayeumwa: macho yamefumba nusu, masikio yamelala nyuma, manyoya yamesimama, kajitenga na wenzake. Alafu apewe namba ya daktari wa mifugo ampigie moja kwa moja bila kupitia kwa mtu, maana Jumapili usiku mle bandani anakuwa yeye na wanyama tu.