Nilikuwa nabadilisha betri tu

Najua mshasikia. Mpiga besi wetu ana mdomo kama spika ya mnadani, tangu jana jioni voisi yake ya mambo ya mi na kinanda cha kwaya pale harusini inazunguka kwenye magrupu ya kwaya mpaka dada yangu wa Dodoma kanipigia leo asubuhi, salamu hakuna, kacheka weee halafu kakata simu. Kwa hiyo kabla haijafika kwa mama na mi naomba nijieleze. Kinanda SIJAKIUA. Kiko hai, kinawaka. Na sio kweli kwamba bibi harusi alikimbia. Alirudi nyuma hatua mbili, mbili tu, nilizihesabu.

Haya. Kinanda chetu cha kwaya ni Korg M1, mzee wa kazi, toleo lililotoka 1988, yaani mashine inanizidi umri na ningekuwa na adabu ningekuwa naiamkia. Kii 61, na megabaiti 4 tu za sauti za kiwandani, picha moja ya simu yako inaweza ikala zote, lakini ukikiwasha kanisani kinajaza nyumba. (Aside kidogo kwa wazee wa kanisa kama mnasoma: ile piano yetu ya kuabudia, Piano 16', pamoja na ile Organ 2, ndo sauti ambazo madisko ya miaka ya 90 yalichezea muziki wa house dunia nzima. Tumekuwa tukimsifu Bwana na vifaa vya klabu muda wote huo na mbaraka ulishuka. Tuendelee.)

Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza, kila ukikiwasha kinakwambia betri ya ndani imechoka. La pili, ile noti ya la ya katikati ilikuwa bubu, unaigonga mara tatu inaitika mara moja kama mtoto anayetumwa dukani. Mwalimu wa kwaya akasema tutafute fundi. Mi nikasema mwalimu, fundi wa nini, betri yenyewe ni CR2032, ile ya duara kama shilingi, ipo mpaka kwenye rimoti za magari, Kariakoo unaipata kwa buku. Nimeangalia video. Nitafungua mwenyewe.

Hapo kwenye "nimeangalia video" pawekeeni alama, tutaparudia.

Basi Ijumaa usiku mama kaenda mkesha, nikaona meza ya chakula iko huru. Nikakilaza kinanda kifudifudi juu ya kitambaa cha mezani, kile cha kufuma, kile cha wageni, nikashika bisibisi. Skrubu zinatoka moja moja nazipanga kwenye sahani, najiona daktari wa moyo. Nikainua bati la chini.

Jamani.

Ndani ya kile kinanda kuna ukoo. Mende, wale wadogo wa rangi ya chai, walikuwa wametulia pale kwenye joto la umeme wana mji na serikali yao, mwanga ulipowapiga wakatawanyika wote kwa mpigo, wengine kwenye sahani ya skrubu, wengine kwenye kitambaa cha mama, mmoja kanipandia mkono mpaka kwenye kiwiko na mi kelele niliyopiga sitaiandika hapa kwa sababu kuna watu wananiheshimu. Baada ya kuwamaliza, walau wale wa mezani, nikaanza kufanya ukaguzi. Mjusi mmoja, marehemu, mkavu kama ng'onda. Karanga nne. Sarafu ya shilingi hamsini. Na kwenye lile tundu ambalo wajapani waliliweka uchomeke kadi ya kumbukumbu, mtu alishachomeka kadi ya mchango wa harusi imekunjwa vizuri kabisa, harusi ya watu ambao mtoto wao wa kwanza saivi yuko darasa la tano. Hawajachangiwa mpaka leo.

Ila ukitoa ukoo na maiti, ndani pazuri. Mbao za kijani zimejaa vidudu vyeusi vyenye miguu mingi ya chuma, waya bapa zinapita kama barabara, kila kitu kimeandikwa, na pembeni pale imekaa betri yenyewe, ndogo, inang'aa. Nikanyoosha mkono. Haitoki. Imechomewa! Miguu yake imeshikwa na risasi kwenye ubao, sio ile ya kuchomoa na kuchomeka. Mtu mwenye akili angefunga hapo akaenda kulala. Mi nikakumbuka ninayo kompyuta mbovu uvunguni, na kompyuta inatumia betri hiyohiyo ila ina kishikio chake, unachomoa na kuchomeka. Nikang'oa kishikio, nikaazima kichuma cha kuchomea risasi kwa jirani, nikatoa betri ya zamani, nikachomea kishikio, nikaweka betri mpya, plasi kwa plasi, mainasi kwa mainasi. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Kile kichuma nilikiweka mezani sekunde kumi tu nikafute jasho na hiyo habari ya kitambaa tutaongea baadaye.

Nikahamia kwenye ile la bubu. Sasa chini ya kila kii kuna raba, na ndani ya raba kuna vidoti viwili vyeusi, kimoja kinagusa ubao kabla ya mwenzake. Mashine inapima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili, ukikaribiana sana inajua umegonga kwa nguvu, ukichelewa inajua umegonga taratibu. Ndo maana kinanda kinajua kama unaabudu au una hasira. Nikatoa raba zote, nikafuta vidoti kwa spiriti, nikazirudisha. Kuna moja ilikuwa haikai vizuri, inajikunja pembeni, nikaisukuma na kidole gumba nikasema utazoea.

Nikafunga. Saa nane usiku. Skrubu mbili zikabaki kwenye sahani. Nikakigeuza, nikawasha.

Hakina sauti hata moja.

Yaani kinawaka ila pale kwenye kioo, badala ya majina ya sauti, ni herufi za ajabu ajabu kama mtu kakanyaga kibodi na ndala. Nikakaa chini. Kumbe ile betri ndogo ndo ilikuwa inashikilia kumbukumbu yote, ukiitoa tu kinanda kinasahau kila kitu, na humo ndani zilikuwemo sauti zote alizotengeneza mpiga kinanda aliyenitangulia kabla hajahamia Mwanza. Miaka yote ya kazi yake. Nyuzi laini za kuingilia maharusi, filimbi ya Krismasi, ile kengele ya sadaka, vyote vimeondoka na betri ya buku.

Sikulala. Nikatafuta mtandaoni faili la sauti za kiwandani, nikamgongea jirani yuleyule saa tisa usiku (ni prodyuza, hawa hawalali) akanipa waya wa midi, nikaunganisha na laptopu, nikatuma, kinanda kikakataa, nikatuma tena, kikakataa, hadi nikagundua kuna kufuli ya kumbukumbu kwenye menyu inabidi uifungue kwanza. Saa kumi na moja alfajiri, azana inaanza, majina yakarudi. Sauti ya kwanza kabisa, Universe, ikajiandika pale kwenye kioo na mi nikaona ulimwengu umerudi kweli. Nikavaa hedifoni, nikajaribu kii moja moja. Ile la inalia! Inalia vizuri, imechangamka, ina nguvu kuliko wenzake. Nikasema hii ndo faida ya usafi.

Ndoa ilikuwa saa nane mchana. Nilishtuka saa saba na nusu.

Sasa hapa naomba twende polepole, kwa sababu mpiga besi kwenye voisi yake amepaharakisha na kuna vitu kaongeza.

Nafika kanisani, kinanda begani, jasho linatiririka, kwaya ishasimama, hakuna muda wa kujaribu chochote. Nachomeka umeme. Nachomeka waya wa miksa. Kijana wa miksa ananiuliza kwa ishara niongeze? Namjibu kwa ishara ongeza, maana kile kinanda siku zote kilikuwa na sauti ya chini. Milango inafunguliwa. Bibi harusi kasimama pale na baba yake, shela imetandazwa, watoto wa maua mbele, kanisa zima limesimama na simu ziko juu zinarekodi, kumbukeni hilo, ZINAREKODI. Mwalimu wa kwaya ananiangalia. Ananipa lile tabasamu la kuniamini. Kidole changu kinakwenda chenyewe kwenye namba ya nyuzi laini, miaka miwili nabonyeza namba hiyohiyo hata gizani. Mwalimu anashusha mkono. Mi nateremsha vidole vyote vitano kwa pamoja, do mi sol, kwa unyenyekevu wote.

Namba ileile kiwandani walikuwa wameweka ngoma.

Hazikutoka nyuzi, wapendwa. Ilitoka PUU-TA-CHAAAA, ngoma kubwa, ngoma ndogo, tasa, na kitu kama makofi, vyote sekunde moja, na spika ya kushoto iko mita mbili kutoka mlangoni. Mtoto wa maua akamwaga kikapu. Baba wa bibi harusi akamvuta binti nyuma ya mgongo wake kama wamevamiwa. Hapo ndo zile hatua mbili. Mkono wa mwalimu umebaki hewani na lile tabasamu bado liko usoni ila ndani halina mtu.

Nikasema moyoni tulia, weka piano. Nikabonyeza Piano 16'. Nikashusha mkono taratibu, taratibu kuliko nilivyowahi kushika kitu chochote maishani. Na kweli piano ikaja, tamu, mpaka nilipogusa ile la. Ile la haikulia, ilipiga ukunga. Raba iliyojikunja ilikuwa inabana vidoti vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo kila nikiigusa hata kwa unyoya, mashine inaelewa nimeipiga ngumi. Na wimbo wenyewe wa kuingilia maharusi, sijui nani aliutunga, una la kila baada ya neno. Bwana na akubaRIKI. Kila LA watu wanafumba macho.

Wewe unayecheka ngoja, haijaisha.

Kwaya ikaingia. Na hapo nikasikia kitu hakikai. Wao wako juu, mi niko chini, kama nusu sauti hivi. Natazama mkono wangu wa kushoto, naona kile kijiti cha kupindishia sauti kimelala upande wa kushoto kama mlevi kwenye ukuta. Kilikuwa kimekandamizwa na uzito wa kinanda kizima usiku mzima nikiwa nimekilaza kifudifudi, na usiku kwenye hedifoni sikujua maana kinanda kikiwa peke yake hakina wa kugombana naye. Sasa kina kwaya ya watu thelathini. Sauti ya pili wakaona wanifuate mimi, wakashuka. Sauti ya kwanza wakagoma, wakabaki juu. Wale wa tena, sauti ya tatu, wakanyamaza wakawa wanaangalia viatu. Besi wakaimba yao ambayo haikuwa ya kwetu wala ya wale. Nikakinyanyua kile kijiti kwa kidole, kinanda kikapanda ghafla uuuuuWIII mbele za watu, sauti ya pili wakapanda nacho, nikakiachia kikalala tena, wakashuka nacho. Nilikuwa naendesha watu kumi kwa kidole kimoja. Na katikati ya hayo yote, kutoka kati ya si na do, akatoka mende mmoja, yule niliyemkosa, akatembea juu ya kii nyeupe mpaka mwisho wa kinanda, akasimama pale, akaangalia maharusi.

Hapo ndo mpiga besi alipokaa chini ya spika akawa anatetemeka. Sio kwamba alizidiwa na Roho kama alivyodai. Alikuwa anacheka.

Yaliyobaki ni mafupi. Mzee wa kanisa alikuja akachomoa waya wa umeme bila kusema neno, kwaya ikaimba kavu na ikapendeza kuliko siku zote, ndoa ikafungwa, pilau nilikula nje karibu na jenereta. Mwalimu hajanipigia. Mama aliona kitambaa, tundu lina umbo la kile kichuma kabisa, akaniambia tu "haya baba, asante," na mnajua mama akikuita baba kwa sauti ile. Jirani anataka waya wake. Ukiwa na video ya jana nakuomba kwa heshima ukate ile sehemu ya mende, hayo mengine hayana shida.

Jana usiku nikaona niiangalie ile video ya fundi tena, tangu mwanzo, maana siku ile niliruka dakika tatu za kwanza kwa sababu jamaa alikuwa anaongea sana. Dakika ya kwanza anasema kabla hujagusa betri hifadhi sauti zako zote. Dakika ya pili anasema ukikigeuza weka mito pande zote mbili ili kile kijiti kisiguse meza, na anaonyesha, mito miwili, ya maua. Dakika ya tatu alikuwa anaanza kusema jambo kuhusu raba, simu yangu ikaisha chaji.